Zaburi ukutani, ndizi mkononi

Juzi usiku, mikono bado ina povu la sufuria ya mwisho, dada mmoja akaniandikia. Ni muuguzi Arusha, ana mtoto wa miezi minane, na wiki hii yuko zamu za usiku. "Dada, nikifungua Biblia nalala. Nikipiga magoti nalala. Nimeanza kuogopa kwamba labda Mungu simpendi. Wewe na mgahawa huo muda unaupata wapi?"

Nilianza kumjibu hapo hapo, ujumbe ukawa mrefu kama wa kuomba mkopo, nikafuta. Wacha nijibu hapa, maana swali hili naulizwa sana, na tunaolia nalo ni wengi.

Mimi nauza mtori na chapati karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Wateja wangu ni makuli, makonda na akina mama wa mboga. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wanataka bakuli mezani, hawataki maelezo. Na mtori haukimbizwi: nyama ichemke mpaka ilegee, ndizi mshare zimenywe, ziive, ndipo upekeche mpaka mkono uume. Kwa hiyo saa kumi alfajiri niko jikoni. Ongeza watoto watatu, kikoba, kwaya, na kamati ya ujenzi wa kanisa ambayo hela zake nazitunza mimi. Nilikuwa najiona mtu wa Mungu hasa. Ukitafuta jina langu kwenye ratiba ya usharika, hukosi.

Mpaka siku ile ya jumuiya. Tulikuwa tumesoma somo, mzee mmoja wa kanisa akaniomba niseme mstari wowote wa Zaburi niupendao. Mmoja tu! Nikakwama. Nikatoa macho kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Yule mzee akacheka, akasema, "Huyu ndiye Martha wetu. Bei ya mkungu anaijua kuliko Zaburi." Nyumba nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, nikaendelea kuwamiminia chai. Chai yenyewe nimeileta mimi. Chapati walizokuwa wakitafuna huku wakinicheka, nimezisukuma mimi.

Nimemsamehe, nadhani. Ila akija kunywa mtori, mfupa wenye nyama haumwangukii yeye. Mungu bado ananishughulikia katika hilo.

Usiku ule nilifungua Luka 10 kwa hasira, pale Martha anapohangaika kuwahudumia wageni huku dada yake Mariamu amekaa miguuni pa Yesu, nitafute pa kumtetea Martha. Jamani, wageni wale wangekula nini? Na nikaja kugundua kwamba kwenye Yohana 11, ndugu yao Lazaro alipokufa, aliyetoka kwenda kumlaki Yesu njiani ni huyo huyo Martha. Mariamu alibaki amekaa nyumbani. Hilo halihubiriwi sana, sijui kwa nini. Nilifurahi kama nimeshinda kesi. Kisha furaha ikaisha, kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli. Nilikuwa na miaka ya kumpikia Mungu, kumwimbia, kumhesabia hela zake za saruji, na sijawahi kukaa naye.

Nikaamua kujirekebisha kwa kishindo. Mhubiri mmoja redioni alikuwa anasema saa tisa usiku ndiyo saa ya kuvunja ngome, basi nikatega kengele saa tisa. Siku ya kwanza nililia machozi. Siku ya pili nilisinzia, nikaamka, nikaomba. Siku ya tatu nikainjika nyama mapema ili niombe kwa utulivu, nikapiga magoti kando ya jiko, kichwa nimekilaza kwenye kiti. Kilichoniamsha ni harufu. Nyama imeshika chini, sufuria nyeusi, jikoni moshi mtupu. Mnaopika mnajua: mtori ukiingia harufu ya kuungua, hata uhamishe sufuria, haitoki. Nikajaribu kuuza hivyo hivyo. Konda mmoja alionja kijiko kimoja, akaniangalia, akaweka hela mezani, akaondoka bila neno. Afadhali angetukana.

Aliyenifundisha hakujua kwamba ananifundisha. Pembeni yangu kuna mama wa vitunguu, Mwislamu. Adhuhuri ikiadhiniwa anafunika meza kwa khanga, anamwambia jirani "niangalizie", anakwenda kuswali. Alasiri hivyo hivyo. Mteja yupo, mteja hayupo, khanga inafunika. Nimekaa naye jirani miaka, kazi yake ngumu kuliko yangu, na sijawahi kumsikia akisema hana muda. Siku moja nikamuuliza kama haogopi kupoteza wateja. Akasema, "Vitunguu haviozi kwa dakika kumi, mama."

Nikaenda kutafuta dakika zangu kumi. Nilizikuta kwenye ndizi.

Nyama ikishachemka, nakaa kwenye kigoda na gunia la ndizi, namenya. Msichana ninayesaidiana naye anafika saa kumi na mbili. Kabla ya hapo niko peke yangu, mikono ina kazi, mdomo hauna. Zamani muda huo redio ilikuwa inaunguruma, na simu imeegeshwa kwenye kopo la chumvi nasikiliza sauti za kundi la kikoba. Nikazima redio. Nikazima data. Nikaandika Zaburi 121 kwenye karatasi ya daftari la mtoto, nikaibandika ukutani juu ya jiko. Sasa imelowa mafuta, ila inasomeka. Namenya ndizi moja, nasoma mstari mmoja, utomvu umenishika vidole mpaka kurasa nisingeweza kufunua hata ningetaka. Wiki nzima zaburi moja.

Na sisi wa Moshi hiyo tunaipenda kwa sababu inataja milima. Mlango wangu wa nyuma unatazama juu. Asubuhi mapema, kabla ya mawingu kushuka, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huwa wazi kabisa, mita 5,895 za kimya. Nilikuwa nadhani zaburi inasema msaada unatoka huko. Soma tena. Anayainua macho aitazame milima, kisha anauliza msaada wake utatoka wapi, na jibu ni kwa BWANA aliyezifanya mbingu na nchi. Nimeimba huo wimbo tangu Sunday school na sikuwahi kuona kwamba hapo katikati kuna swali. Nililiona nikiwa na ndizi mkononi.

Sasa wewe dada wa Arusha. Usinifuate mimi, mfuate Elia. Kwenye 1 Wafalme 19 amekimbia, amechoka, anaomba afe, analala chini ya mretemu. Malaika anamgusa. Anamwambia nini? Hamwambii funga, hamwambii kesha. Anamwambia inuka, ule. Kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji kichwani pake. Anakula, analala tena. Anaamshwa tena, anakula tena. Ile sauti ndogo, tulivu, inakuja baadaye sana, huko Horebu. Kama mpishi, mahali hapo hunitoa machozi. Umetoka zamu asubuhi, umenyonyesha, umelala na Biblia kifuani? Lala, mama. Mungu ameona watu wamelala kabla yako. Ukiamka, chukua mstari mmoja uende nao, wakati unafua nepi, wakati unasubiri daladala. Mmoja.

Lakini wewe mwingine, usiyenyonyesha wala kukesha wodini, usijifiche nyuma ya huyu dada. Nakufahamu, kwa sababu nilikuwa wewe. Unasema huna muda na jana umeangalia video za watu wanaogombana mpaka saa sita usiku. Unaongoza maombi ya kikundi na hujaomba peke yako tangu Pasaka. Zima data. Kesho zima tena. Usianze na sura nzima, usianze na saa tisa usiku, na tafadhali usianze na nyama motoni.

Mwaka huu nimefika Zaburi ya 34, na sijafunga mgahawa hata siku moja kwa ajili hiyo. Yule mzee hajaniuliza tena mstari. Namsubiri.

Saa tano kasorobo usiku sasa, na gunia la kesho bado liko mlangoni, mkungu mmoja umeanza kuiva. Itabidi huo niutoe, ukiingia kwenye mtori unatia utamu, na konda yule amerudi wiki hii.