Kuomba uzamili nje ya nchi: historia ya sanaa au uhifadhi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya kwanza ya akiolojia niliyoipata hapa Tanzania, na sasa ni msaidizi katika ghala la makumbusho ya pwani, ambako kazi yangu kubwa ni kuorodhesha na kusafisha sarafu na vyungu vilivyochimbuliwa. Nataka kuomba masomo ya uzamili nje ya nchi, ila nimekwama kati ya historia ya sanaa na uhifadhi wa vitu vya sanaa. Kemia niliiacha kidato cha nne. Je, niombe kote kuwili? Na hilo jalada la kazi wanalolitaka, ni picha za vitu nilivyovisafisha tu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kuomba kote kuwili si kosa, lakini usitume barua ileile uliyoibadilisha jina la chuo tu, kwa sababu kamati za udahili za fani hizi mbili hazitafuti mtu wa aina moja. Kamati ya historia ya sanaa itaanza na sampuli ya maandishi yako, mara nyingi kurasa 15 hadi 20, ikitaka kujua kama unaweza kuuliza swali juu ya kitu na kulijibu kwa ushahidi. Kamati ya uhifadhi itaanza na hati ya matokeo yako, itafute kemia, kisha ihesabu saa ulizofanya kazi chini ya mhifadhi aliyesomea fani hiyo. Pale Institute of Fine Arts ya New York University mwanafunzi wa uhifadhi husoma miaka 4 na kutoka na shahada mbili za uzamili, moja ya kila upande. Hata hivyo kemia atadaiwa kama kwingineko.

Kwa jinsi ulivyojieleza, mimi naona wewe ni mtu wa uhifadhi: barua yako yote inazungumzia kusafisha na kuorodhesha, wala hujataja mada hata moja ambayo ungependa kuiandikia. Kama nimekusoma vibaya na una mada, basi Kiswahili chako, na zaidi ukiongeza Kiarabu au Kireno cha kusomea nyaraka, ni mtaji ambao waombaji wengi hawana. Uwanja wenyewe upo hai. Maonyesho ya sanaa za Waswahili yaliyofunguliwa mwaka 2017 katika Krannert Art Museum, Illinois, yakaenda baadaye Washington na Los Angeles, yalikuwa na vitu vilivyoazimwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Katika historia ya sanaa tafuta kwanza mhadhiri anayeshughulikia eneo lako, ndipo utazame jina la chuo.

Upande wa uhifadhi, Marekani kuna vyuo vichache tu vya ngazi hii, navyo hupokea wanafunzi wachache mno: chuo cha Delaware, kwa ushirikiano na makumbusho ya Winterthur, na kile cha Buffalo, kila kimoja huchukua takriban 10 kwa mwaka. Programu ya UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) na taasisi ya sanaa ya Getty ndiyo ningekushauri uitazame kwa makini zaidi, kwa kuwa tangu mwanzo iliegemea vitu vya akiolojia na vya utamaduni wa jamii mbalimbali. Masharti hutofautiana, lakini tarajia kudaiwa kemia ya jumla na kemia ya kikaboni, zote pamoja na maabara, masomo kadhaa ya historia ya sanaa au anthropolojia, sanaa za mikono, na mazoezi ya saa mia kadhaa. 400 ni kiwango utakachokutana nacho mara kwa mara.

Waombaji wengi huichukulia kemia kama kikwazo cha kurukwa tu, ilhali ndiyo kazi yenyewe. Chukua sarafu ya shaba ya Kilwa iliyotoka katika udongo wenye chumvi. Ukiona juu yake vidoa vya unga wa kijani mpauko, huo si uchafu wa kusugua; ni dalili kwamba kloridi iliyotokana na chumvi hiyo na kujificha ndani inaendelea kuila shaba kila inapopata unyevu na oksijeni, na hewa ya pwani haijawahi kupungukiwa na unyevu. Anayeisugua hadi ing'ae ameondoa unga na kuiacha kloridi palepale, na huenda ameondoka pia na jina la sultani, maana uso wa asili wa sarafu mara nyingi umebaki ndani ya tabaka la kutu lenyewe. Kwa chungu kilichovunjika, mhifadhi huchagua gundi iitwayo Paraloid B-72 kwa sababu huyeyuka tena kwa asetoni, hivyo atakayekuja baadaye anaweza kuiondoa, wakati gundi ya epoksi ikishakauka haiyeyuki. Ukiulizwa katika usaili kwa nini umetumia gundi fulani, jibu lake limo katika kemia ya kikaboni.

Kwa hiyo jalada la kazi si albamu. Vitu vitano vilivyoelezwa vizuri vinatosha: picha ya kabla, yenye kipimo na kadi ya rangi, na nyingine iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni ili mikwaruzo ionekane, maelezo ya hali ya kitu, sababu ya ulichokifanya, na, jambo ambalo wengi hulisahau, sababu ya ulichokiacha bila kukigusa. Ongeza michoro, ufinyanzi au ufumaji wako, kwa kuwa wanataka kuona mkono uliotulia. Omba ruhusa ya maandishi ya makumbusho kabla ya kutuma picha zozote.

Kama ghala lenu halina mhifadhi aliyesomea, saa zako zitafute kwingine. Waandikie Fort Jesus, Mombasa, ambako makumbusho yake yalishiriki kuchimbua meli ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama mwaka 1697, katika kazi ya miaka ya 1977 hadi 1980.

Kuhusu fedha, Delaware kwa desturi hugharimia ada na kutoa posho, jambo ambalo ni nadra kwa uzamili wa historia ya sanaa. Uingereza, vyuo vikuu vya UCL (London) na Cardiff hufundisha uhifadhi wa vitu, na taasisi ya Courtauld ule wa michoro ya rangi, lakini angalia muda wa kozi kabla ya kutegemea ufadhili: Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja, na kozi nyingi za uhifadhi huzidi hapo.

Maombi mengi ya Marekani hufungwa kati ya Desemba na Januari, nawe usiwanie awamu ijayo. Fanya kwanza kemia ya kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, pamoja na mtihani wa vitendo, ndipo uulize chuo kilicho karibu nawe kama kinapokea wanafunzi wa kozi mojamoja. Katika wale watakaokuandikia barua za mapendekezo, mmoja awe aliyeiona mikono yako ikifanya kazi. Mpe nakala ya jalada miezi miwili kabla, ili aandike juu ya sarafu fulani na si juu ya tabia yako njema.