Msumeno uliochakaa na msumeno ulioharibika

Mwanagenzi akija karakanani, siku ya kwanza simpi randa. Nampa misumeno miwili mikuukuu, namwuliza: upi umechakaa, na upi umeharibika? Wengi huonyesha ule wenye kutu. Wengi hukosea.

Siwacheki, maana mimi nilikosea kwa pesa zangu. Msumeno wangu wa kwanza niliununua soko la Kongowea, hapa Mombasa, unang'aa, mpini wa plastiki. Ulikata vizuri miezi michache, kisha ukawa butu. Nikaubana kwenye jiriwa, nikashika tupa ya pembetatu. Tupa ikateleza kama juu ya kioo, ikawa inayoisha ni tupa. Ncha za meno zilikuwa na weusi wa kibuluu, nami sikujua maana yake: meno hayo yamekazwa kwa moto kiwandani hata tupa hayaisikii. Msumeno wa namna hiyo ukiisha makali, umekwisha.

Kwa hiyo nenda kwenye marundo. Pita kwa wauza vyuma kuukuu, pita kwa wanaouza vyombo vya marehemu. Ukikuta mpini wa mti uliofungwa kwa skrubu za shaba, simama. Mara nyingi skrubu moja ni kubwa na ina nembo. Ukisoma Disston, huo umetoka Philadelphia, Marekani, kwa watu walioanza kazi hiyo mwaka 1840. Ukisoma Spear & Jackson, ni wa Sheffield, Uingereza. Ukikuta "Warranted Superior", usitangaze kwamba umejua kiwanda. Maneno hayo yalitiwa kwenye misumeno ya watengenezaji wengi.

Sasa ushike. Vidole vitatu viingie ndani ya mpini, kidole cha shahada kinyooke mbele kando ya bapa. Kwenye msumeno uliofanya kazi, mti pale umelika ukawa laini, mweusi kwa jasho, na kidole chako kinatua mahali pa kidole cha mwingine. Tazama na bapa: limekuwa jembamba kuelekea nchani kwa sababu limepigwa tupa mara nyingi. Wanunuzi wengi hapo hukunja uso. Mimi hufurahi, kwa kuwa hakuna anayepoteza tupa kunoa msumeno mbovu.

Baadaye funga jicho moja, tazama mstari wa meno kuanzia kwenye mpini. Mpindo mpana wa taratibu hunyooka. Mkunjo mkali wa mahali pamoja utakusumbua maisha, uache. Kutu ya juu juu si neno: mafuta ya taa, msasa uliozungushiwa kibao, nusu siku. Ila usisugue kwa pupa katikati ya bapa upande wenye nembo, maana huenda jina la kiwanda limechorwa hapo, nawe utalifuta kama nilivyolifuta mimi. Kutu iliyochimba vishimo karibu na meno ndiyo mbaya. Jino likipindwa kando ili msumeno usikwame kwenye mti, linakatika.

Meno yahesabu kwa inchi. Matano au sita, yamepigwa tupa moja kwa moja kama patasi ndogo, huo ni wa kupasua mbao kufuata nyuzi. Manane na kuendelea, yamepigwa kwa mshazari kama visu, ni wa kukata nyuzi. Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nadhani aliyesema alikuwa na ule wa watu wawili wa kukatia magogo. Huu wa mkono kazi yake huifanya ukisukumwa. Ukirudi, legeza mkono.

Bei? Usioneshe meno yako kabla ya kuona ya msumeno. Muuzaji wa Mombasa akiona umetabasamu, imepanda.

Ukifika nao nyumbani, kumbuka unaishi kisiwani. Hewa yetu ina chumvi, na bapa lililosafishwa likilala bila mafuta hufanya madoa mekundu upesi. Lipanguse kwa mafuta ya cherahani kila jioni, lisugue mshumaa kabla ya kazi. Na usiuegemeze kwenye ukuta wa matumbawe wa nyumba za Mji wa Kale. Kuta zile hutoa jasho usiku. Upigie msumari boriti, uutundike.