Seli zimewaka au zimewashwa?

Swali: Ninaandika ripoti ya maabara kuhusu seli ripota (seli za kuonyesha kama jeni inafanya kazi) za THP-1, aina ya seli za damu za binadamu zinazokuzwa maabara, zilizotiwa jeni ya lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga. Tulizichochea kwa LPS, kemikali ya bakteria, kisha tukapima mwanga. Niandike "seli zimewashwa" au "seli zimewaka"? Msimamizi wangu anataka la kwanza. Mwishoni nimehitimisha kwamba seli hizo "zinathibitisha inflamesheni", yaani mwili kuwaka na kuvimba unapojikinga.

Jibu: Kwa seli, andika "zimewaka". "Zimewashwa" iko katika kauli ya kutendwa, na msomaji atauliza: na nani? Katika jaribio lako jibu lipo, ila si la seli nzima. LPS hutoka kwenye utando wa nje wa baadhi ya bakteria. Kipokezi TLR4, protini ya seli inayoipokea, kikiitambua, ishara hupita ndani ya seli mpaka protini ya NF-κB iachiliwe, iingie kwenye kiini na kuwasha jeni. Basi kinachowashwa ni jeni: "Jeni ya lusiferasi iliwashwa na NF-κB." Hapo kauli ya kutendwa ni mahali pake kabisa, maana mtenda ametajwa.

Msimamizi wako ana hoja, lakini aangalie jambo moja. Kuwashwa pia ni kusikia mwasho, ile hali ya kutaka kujikuna. Mada yako ni inflamesheni, na mwasho ni jirani yake wa karibu. Ukiandika "seli za ngozi zimewashwa", daktari ataelewa vingine kabisa. Mimi nisingeithubutu sentensi hiyo.

Tenganisha pia nyakati. Jeni huwashwa mapema. Mwanga huja pale tu lusiferini, kemikali inayotumiwa na lusiferasi, inapoongezwa, kwa sababu lusiferasi, kimeng'enya cha kimulimuli, huhitaji lusiferini, oksijeni na ATP (nishati ya seli) ili itoe mwanga. Kwa hiyo: "Jeni iliwashwa baada ya LPS kutiwa, seli ziliwaka tulipoongeza lusiferini." Mkitumia GFP, ile protini ya kijani iliyotoka kwa konyeza, acheni "kuwaka". Yenyewe haitoi mwanga gizani, inasubiri imulikwe kwanza. Andikeni "seli ziling'aa zilipomulikwa".

Na tafadhali ifute ile "zinathibitisha inflamesheni" uliyoiweka mwishoni mwa barua yako. Mwanga unaashiria kwamba NF-κB imefanya kazi kwenye jeni mliyoipandikiza, basi. "Unaashiria" inatosha, tena ndiyo kweli mliyoipima.