Kualika watu sita kwenye nyumba ya chumba kimoja

Dada, umeuliza utawakaribishaje wenzako sita wa kazini kwa chakula cha jioni huko mtaa wa Umoja, Nairobi, huna meza, na karamu za kwenye riwaya zimekutia woga. Mimi nakwambia kitu kimoja: pika kile kitakachokuacha uketi.

Mara yangu ya kwanza nilijitia makuu. Pilau, samaki wa kupaka, viazi karai, chapati. Saa tatu usiku wageni wametulia sebuleni, mimi jikoni nasukuma. Gesi ikakatika chapati ya kumi na moja ikiwa kikaangoni. Nikashuka ngazi za ghorofa nne na mtungi begani, muuza gesi wa kona keshafunga. Kurudi, kachumbari imeliwa kavu na mmoja anakoroma. Walikuwa wamecheka sana, niliwasikia nikiwa ngazini. Mpaka leo sijui walicheka nini.

Hizo karamu za vitabuni hebu zisome tena, umtafute mwenyeji yuko wapi. Karen Blixen, yule Mdenmaki aliyelima kahawa hapa chini ya vilima vya Ngong hadi 1931, aliandika hadithi ya Babette, mpishi anayemaliza faranga 10,000 alizoshinda kwenye bahati nasibu kwa kulisha watu kumi na wawili. Wageni wameapizana wasitamke neno kuhusu chakula. Na Babette mwenyewe? Yuko jikoni usiku kucha. Kwenye Macbeth ya Shakespeare ni balaa zaidi: mfalme anakwenda mlangoni kunong'ona na muuaji, anaporudi kiti chake kimekaliwa na mzuka. Mwandishi anahitaji kiti kitupu ili mambo yaharibike. Wewe wa nini?

Kwa hivyo sufuria mbili tu. Mchuzi wa nyama upike Ijumaa usiku, maana mchuzi uliolala hunoga. Jumamosi ni wali: kilo moja ya pishori ya Mwea inawatosha sita, na yule wa saba atakayeletwa bila taarifa (hakosi). Maji yakikauka, upalie makaa juu ya kifuniko, au kama ni gesi punguza moto kabisa, ufunike na kitambaa. Kachumbari katakata mapema lakini chumvi na ndimu tia watu wakishanawa, la sivyo nyanya zitatoa maji. Chapati agiza kwa mama wa kibandani. Hakuna atakayeuliza.

Meza achana nayo, tandika mkeka. Waambie saa kumi na mbili, watakuja saa moja na nusu, na wa Rongai wawahi matatu kabla nauli haijapanda.

Halafu mtungi. Asubuhi umwagie maji moto ubavuni, upitishe kiganja kutoka juu kwenda chini. Pale panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipofika. Ukiusikia chini kabisa, beba mapema, duka likiwa wazi.