Usikimbilie kuandika "histeria"

Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya afya ya akili huku Mtwara, mtaletewa binti kwa bodaboda, kabanwa katikati na shangazi yake, macho kayafumba, kichwa anakitupa huku na huku. Waliomleta watasema ana mashetani. Mwenzako wa zamu atanong'ona, "Histeria hiyo."

Neno hilo, tulilozoea kumwandikia anayeanguka au kupooza bila ugonjwa wa mwili kuonekana, asili yake ni tumbo la uzazi kwa Kigiriki. Sasa yule mvuvi wa Msangamkuu aliyeamka mguu hauendi, tumbo la uzazi analitoa wapi? Wamarekani waliliacha mwaka 1980 kwenye DSM-III, toleo la tatu la kitabu chao cha kuainisha magonjwa ya akili.

Mimi liliniponza. Mwaka wangu wa kwanza, hospitali siitaji, nililiandika kwa mama mmoja aliyekuwa akianguka. Kagombana na mumewe, nikaona sababu imetosha. Baadaye akashikwa usingizini, akaungua na jiko: kifafa. Ugomvi wa nyumbani si kipimo; nani hana? DSM-5 ya 2013 ilifuta hata lile sharti la kutafuta msongo uliotangulia. Inataka dalili unazoziona mwenyewe.

Kwa mguu uliolegea, mlaze mgonjwa, weka kiganja chini ya kisigino cha mguu huo, mwambie akandamize. Hawezi. Kisha mwambie anyanyue ule mzima huku wewe unauzuia. Kisigino "kilichokufa" kikikandamiza kiganja chako, umepata kitu cha kuandika: nguvu ipo, ila haitii akiiamuru. Na haigizi, tafadhali, msimwambie hivyo. Kwa degedege, andika lilichukua dakika ngapi na macho yalikuwaje: ya kifafa mara nyingi huwa wazi. Malaria pima tu, hata ukijiona una uhakika. Na kuna mwenye vyote viwili, kifafa na degedege lisilo la kifafa.

Vitabu navyo havipatani. Kupooza kwa namna hii DSM inakuweka pamoja na malalamiko ya mwili. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu Januari 2022, inakuweka kwenye mtengano wa fahamu, yaani fahamu na mwili kuachana. Muulize msimamizi wako anafuata kipi.

Majini ndiyo yanayowababaisha wageni. ICD-10 ilichanganya kupotewa na fahamu na kupandwa na jini chini ya namba moja, F44.3, ICD-11 imetenganisha, na anayepandwa ngomani, kwa desturi ya kwao, bila kuumia wala kuharibikiwa maisha, haimhesabu mgonjwa. Kwa hiyo mkalishe shangazi pembeni, umwulize taratibu: huyu jini huja ngomani tu, au humkuta hata shuleni, kisimani, akiwa peke yake? Na akija, binti mwenyewe anamtaka?