Nishani Zisizoonekana kwenye Cheti cha Jeshi: Majibu kwa Wasomaji wa Moshi na Arusha

SWALI: Ndugu Mhariri, mume wangu ni mzaliwa wa Old Moshi aliyekwenda Marekani kusoma, akapata ukaazi wa kudumu na kujiunga na Jeshi la Nchi Kavu la huko mwaka 2004. Alipelekwa Iraq mwezi Agosti 2006 akarudi Oktoba 2007, akamaliza utumishi wake kwa heshima mwaka 2008, na sasa tunaishi hapa Moshi ambako ana duka la vifaa vya ujenzi. Cheti chake cha kuondoka jeshini, kile cha DD 214, kinataja nishani mbili na utepe mmoja tu. Nishani ya Iraq haimo, ya mwenendo mwema haimo, wala haimo beji ya mapambano ambayo wenzake walioshambuliwa pamoja naye kwenye msafara wa magari walipewa. Tena kapteni wake alimwahidi kumpendekeza kwa nishani ya pongezi, na habari hiyo ikaishia hapo. Yeye husema yaliyopita si ndwele, lakini watoto wakimwuliza naona anabadilika uso. Je, cheti kinaweza kurekebishwa baada ya miaka yote hii? Na mimi naweza kumwombea?
Mke wa askari, Moshi

JIBU: Mama, cheti kinaweza kurekebishwa, na miaka iliyopita haijamnyima mume wako haki hiyo. Ila mambo manne uliyoyataja hayako sawa mbele ya sheria za jeshi lile, na wengi hukwama kwa sababu huyaweka yote katika ombi moja na kulipeleka moja kwa moja kwenye bodi ya juu, ambayo huwarudishia kwa maelezo kwamba hawajapita kwanza kwenye ofisi za chini. Nitayachukua moja moja, nikianza na lililo rahisi.

Nishani ya Kampeni ya Iraq haitegemei hisani ya kamanda. Ilitolewa kwa kila askari aliyehudumu ndani ya nchi hiyo kati ya tarehe 19 Machi 2003 na 31 Desemba 2011, kwa siku 30 mfululizo au siku 60 zisizofuatana, na mume wako alikaa zaidi ya mwaka. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuthibitisha kwamba alikuwapo, na huenda uthibitisho huo uko mikononi mwenu. Kifungueni cheti chenyewe. Nishani huandikwa katika kisanduku cha 13, lakini kisanduku cha 18, ambacho ni cha maelezo ya ziada, mara nyingi hutaja nchi ya vita ambayo askari alihudumu pamoja na tarehe za kuingia na kutoka, zikiwa zimeandikwa kwa kuanza na mwaka. Ikiwa kisanduku cha 18 kinasema alikuwa Iraq na kisanduku cha 13 hakina nishani ya Iraq, basi cheti kinajipinga chenyewe, na hakuna hoja iliyo na nguvu kuliko hiyo. Ombeni pia nyota za shaba zinazobandikwa kwenye utepe wake, kwa kuwa kipindi chake kinagusa awamu mbili za kampeni, ile iliyokwisha tarehe 9 Januari 2007 na ile iliyoanza siku iliyofuata. Watu huzisahau nyota hizi, kisha hulazimika kuandika upya.

Nishani ya Mwenendo Mwema hutolewa kwa askari wa vyeo vya chini kwa kila miaka mitatu ya utumishi usio na doa, na lazima pawe na amri ya maandishi ya kamanda. Mume wako alitimiza miaka hiyo. Askari wanaohamishwa au kuondoka kikosi kikiwa kimetoka vitani ndio hasa wanaopungukiwa na amri hii, kwa kuwa kamanda mmoja ameondoka na mwingine hajawafahamu. Kama jalada lake halina adhabu wala barua ya kamanda inayomzuia kuipata, bodi inaweza kuitoa hata leo.

Beji ya Mapambano ni nzito zaidi. Kuwa katika eneo la vita hakutoshi. Askari anapaswa kuwa alikuwapo yeye mwenyewe, akishambulia adui au akishambuliwa naye. Askari wa miguu wana beji yao nyingine, kwa hiyo angalieni kwanza kazi aliyosomea jeshini. Hapa ushahidi bora ni amri iliyowapa wenzake beji kwa tukio lile lile. Amwandikie mmoja wao, aombe nakala ya amri hiyo pamoja na maelezo yaliyotiwa saini, yanayotaja tarehe, mahali, gari alilokuwamo na alichokiona kwa macho yake. Maelezo ya mtu mmoja aliyekuwa gari la nyuma yana thamani kuliko barua kumi za watu wanaomsifu tabia. Ripoti ya tukio, kumbukumbu za zahanati ya kikosi kama alitibiwa siku ile, na taarifa ya tathmini ya utumishi inayotaja msafara huo, vyote vinafaa.

Mimi naipa beji hii uzito kwa sababu nyingine pia. Nishani nyingi hazimwongezei mtu hata senti moja, lakini beji ya mapambano ikiwa kwenye cheti, idara inayoshughulikia wastaafu wa jeshi la Marekani huichukua kama uthibitisho kwamba askari alikumbana na vita ana kwa ana. Askari anayeomba msaada kwa majeraha ya akili yaliyotokana na vita huondolewa mzigo mkubwa wa kuthibitisha tukio lililomuumiza. Umeandika kwamba anabadilika uso watoto wakimwuliza. Sisemi zaidi ya hapo, maana yeye ndiye ajuaye, lakini nisingependa jambo hili lichukuliwe kuwa ni la kupamba ukuta tu.

Kuhusu ahadi ya kapteni, lazima niseme wazi ingawa haifurahishi. Nishani ambayo ilipendekezwa, ikaidhinishwa, na amri yake ikapotea, hiyo ni kumbukumbu inayorekebishwa. Nishani iliyoahidiwa kwa mdomo bila kuandikwa popote haijawahi kuwapo, na hakuna karani wala bodi itakayoiandika kwa msingi wa ahadi. Njia iliyobaki ni kumtafuta kapteni huyo, aijaze sasa fomu ya mapendekezo kwa kueleza alichokifanya mume wako, kisha mapendekezo hayo yapitishwe na mbunge au seneta wa Bunge la Marekani, kwa kuwa sheria ya nchi hiyo inaruhusu nishani iliyopitwa na muda ifikiriwe kwa ombi la mbunge. Wabunge wa kule wana maofisa wanaofanya kazi hiyo kila siku. Aandikie ofisi ya jimbo aliloishi mwisho. Ni safari ndefu, na ningeshauri isicheleweshe zile tatu za kwanza.

Sasa utaratibu. Hatua ya kwanza ni kuomba jalada lake lote la utumishi, wala si cheti peke yake, kutoka Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi kilichopo St. Louis, Missouri. Ombi hufanywa kwa fomu ya SF 180 au kwa mtandao, na mhusika halipi chochote. Amri mnazozitafuta zinaweza kuwa zimo ndani ya jalada hilo tangu zamani, zikiwa zimefika baada ya cheti kuchapwa, na hapo kazi inakuwa nyepesi. Aangalie pia kama kikosi chake kilitunukiwa nishani ya pamoja kwa kipindi alichokuwamo, kwa sababu hizo huidhinishwa miaka kadhaa baada ya askari kurudi, na aliyekwisha kuondoka jeshini haarifiwi. Hatua ya pili ni kupeleka maombi na nakala za ushahidi kwa Kamandi ya Rasilimali Watu ya Jeshi la Nchi Kavu, iliyopo Fort Knox, Kentucky. Wakikubali, hawakibadilishi cheti cha zamani. Hutoa kingine kidogo kiitwacho DD 215, ambacho huambatanishwa na kile cha kwanza na kuorodhesha kilichoongezwa. Vyote viwili vitunzwe pamoja daima.

Wakikataa, ndipo inapokuja Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Kijeshi, kwa fomu ya DD 149. Sheria inataka ombi liletwe ndani ya miaka mitatu tangu kosa lilipogunduliwa, na hapa ndipo wengi hukata tamaa bila sababu, kwani bodi hiyo hiyo imepewa mamlaka ya kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki. Aeleze kwa sentensi chache kwa nini alichelewa: kwamba alirudi Tanzania muda mfupi baada ya kumaliza utumishi, na hakujua kwamba njia hii ipo. Asijaze fomu ya DD 293, ambayo baadhi ya watu huwapa wenzao kwa kudhani ni ile ile. Hiyo ni ya kuomba kubadilishiwa aina ya kuachishwa jeshi, na yeye aliondoka kwa heshima. Kwa sheria iliyopo, sehemu kubwa ya maombi inapaswa kuamuliwa ndani ya miezi 10, na hakuna linalopaswa kuvuka miezi 18.

Swali lako la mwisho: huwezi kumwombea akiwa hai, mama. Saini lazima iwe yake. Unaweza kuandaa karatasi, kutafuta anwani na kuandika barua, na kazi hiyo ni kubwa, lakini uamuzi ni wake, hasa kwa beji ya mapambano ambayo itamtaka aandike mwenyewe kilichotokea siku ile barabarani. Kama hayuko tayari kwa hilo, anzeni na nishani ya Iraq na ya mwenendo mwema, ambazo hazimlazimishi kusimulia chochote.

Yapo mambo mawili ya hapa kwetu yanayoharibu maombi mazuri. La kwanza ni majina. Sisi huandika jina letu, la baba na la babu, na pengine pasipoti au kitambulisho cha taifa kinayapanga tofauti na yalivyo jeshini. Fomu zijazwe kwa majina yale yale na kwa mpangilio ule ule uliopo kwenye DD 214, na tofauti ielezwe kwa hati ya kiapo. La pili ni usalama wa cheti. DD 214 ina taarifa zinazomwezesha mwizi kufungua akaunti kwa jina la mume wako. Msiipige picha na kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp, na mkiipeleka stationery kutolewa nakala kivuli au kuskaniwa, simameni pale pale mpaka faili lifutwe kwenye kompyuta ya duka. Tumeni nakala, kamwe msitume cheti halisi. Na mtu yeyote anayedai fedha ili "awasukumie" ombi hili hana cha kusukuma, maana fomu zote nilizozitaja ni za bure.

SWALI: Marehemu baba yetu alikuwa Mmarekani aliyepigana Korea mwaka 1952 na 1953, kisha akaja kufundisha huku, akamwoa mama na kuishi Usa River hadi mwisho wa uhai wake. Tuliomba jalada lake tukajibiwa kwamba liliungua. Cheti alichotuachia kina nishani mbili, ya utumishi wa Korea na ya Umoja wa Mataifa, lakini rafiki yake wa zamani anasema anastahili na nyingine kutoka Korea Kusini. Bila jalada tutathibitishaje?
Binti wa marehemu, Arusha

JIBU: Pole kwa kufiwa na mzazi. Mlichojibiwa ni kweli: moto uliozuka katika Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi huko St. Louis tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18, na katika Jeshi la Nchi Kavu yalipotea takriban asilimia 80 ya majalada ya walioondoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Hayakuwa na nakala. Hata hivyo kituo hicho hujenga upya kumbukumbu kutokana na hati za malipo ya mwisho ya mshahara, taarifa za kila asubuhi za vikosi na kumbukumbu za hospitali, na ninyi mna kitu kilicho bora kuliko hivyo vyote, yaani cheti chenyewe alichokabidhiwa. Kiko kwenu, na kinataja nishani ambayo haikuweza kupatikana bila kufika Korea au maji yake. Huo ndio msingi wa ombi lenu.

Rafiki yake anasema kweli, na hakuna karani aliyekosea. Serikali ya Korea Kusini ilitoa Nishani ya Utumishi wa Vita vya Korea mwaka 1951, lakini Marekani haikuwaruhusu askari wake kuipokea hadi mwaka 1999, kwa hiyo haiwezi kuonekana kwenye cheti cha mwaka 1953. Huwahusu waliohudumu huko kati ya tarehe 25 Juni 1950 na 27 Julai 1953. Ombeni na Nishani ya Utumishi wa Ulinzi wa Taifa, iliyoanzishwa Aprili 1953 ikawahusisha waliokuwa jeshini tangu Juni 1950. Nayo yawezekana ilimpita kwa sababu ilikuwa mpya mno.

Wewe kama mtoto wake unahesabiwa miongoni mwa ndugu wa karibu wanaoruhusiwa kuomba. Ambatanisha cheti cha kifo na cheti chako cha kuzaliwa kinachoonyesha jina la baba, na kama kipo cheti chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili pekee, kiende pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Ombi la nishani hizo mbili liandikwe peke yake, likiwa na nakala ya DD 214 ukurasa wa mbele, wala lisirudie kuuliza habari za jalada, kwa kuwa barua inayouliza jalada itapewa jibu lile lile la moto.