Gari Haikupotea Njia, Mwanangu

Barua imetoka Wete, Pemba. Mwandishi ana miaka 29, ameshaposwa, harusi ni Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Shoga yake wa utotoni, ambaye hawajasemezana miaka tisa, amekuja kutoka Unguja kwa msiba, naye akaenda kumpokea bandarini Mkoani kwa gari ya kaka yake. Njiani, anasema, "tulipotea", wakatokea Kigomasha, wakalala kwa jamaa Konde. Huko shoga akamwambia kuwa anampenda, na si kwa urafiki tu. Anauliza: "Nimtoe vipi maishani mwangu bila ya ugomvi? Ananivuruga."

Mwanangu, pole. Najua hulali. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma naona unayemshitaki siye.

Tuanze na njia. Mkoani hadi Wete unapanda Chake Chake, unashika barabara ya Wete, basi. Hata saa mbili hazitimii. Kigomasha iko kule juu kabisa: uipite Konde, uingie msitu wa Ngezi, utokee upande wa pili, ndio uone mnara wa taa. Wewe umezaliwa Pemba, na usukani ulikuwa mkononi mwako, umeandika mwenyewe. Gari haikupotea. Ulikuwa hutaki safari iishe.

Unasema yeye ndiye aliyeanza. Mbona basi umejaza ukurasa mzima kwa yule mzee aliyeanika karafuu kando ya barabara? Mkasimama, mkachutama kwenye jamvi, mkamsaidia kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kama mlivyokuwa mkifanya mkitoka chuo cha Kurani. Akakushika mkono, akavinusa vidole vyako, akasema, "Bado vyanuka makonyo." Yote hayo umeyakumbuka. Mchumba wako umempa mistari miwili: ana kazi, na hana makosa.

Na ile miaka tisa? Alikukata bila ya sababu, unasema. Lakini juu yake kidogo umeandika kwamba mama yako alimfukuza barazani, akamwita jina baya majirani wakisikia, na wewe ulikuwa ndani nyuma ya pazia. Hukutoka. Alitakiwa arudi vipi? Simjui huyo mwanamke, lakini namtetea. Alivumilia, akaja, na moyo wake ameufungua kwako peke yako.

Wewe umeufanyia nini? "Nimemdokeza wifi ili anisaidie." Mstari mmoja tu, tena chini kabisa ya barua, nao ndio ulionitoa usingizi mimi. Umemdokeza nini, mwanangu? Sheria ya Zanzibar, tangu mwaka 2004, inawataja wanawake wenyewe, na kifungo kinafika miaka 5. Na kabla ya polisi upo mtaa. Hilo neno shoga bibi zetu waliitana mchana kweupe, leo watu wanalinong'ona. Mdomo wako utaponza kichwa cha mwenzio: kazi yake, chumba alichopanga, ndugu zake. Wewe utabaki bibi harusi. Leo hii, si kesho, nenda kwa wifi. Mwambie yale uliyasema kwa hasira, huyarudii, na asiyapeleke kokote.

Na hapa niseme na wazazi pia. Ndoa siku hizi tumeigeuza kawa ya kufunikia chakula. Msichana ana siri, aolewe. Kijana ana mambo yake, aozwe, atatulia. Tunahangaika na sare, na mapambo, na nani atapiga picha, na kilichofunikwa kinachacha mle mle chini ya kawa. Baada ya miaka miwili talaka, na mwanamme wa watu hajui kakosa nini. Mchumba wako naye namuonea huruma. Hastahili kuwa kawa ya mtu.

Dini yako unaijua, na mimi si sheikh, sitakutolea fatwa. Ila dini hiyo hiyo imetaka uulizwe idhini kabla ya ndoa kufungwa. Watakuja kukuuliza. Kama unaitika ili umkimbie mtu mwengine, usiitike. Mwambie kijana mapema kuwa hauko tayari, alichokitoa arudishiwe, na jina la mtu lisitajwe. Lililo moyoni mwako si lazima alijue, wala wifi.

Utamtoa vipi maishani? Hilo sikufundishi, kwa sababu hulitaki. Kama mtabaki karibu au kila mmoja atashika njia yake, mtaamua nyinyi wawili, kwa akili na kwa hadhari kubwa. Lakini asiondoke kisiwani akiwa na jina ulilomtia wewe. Boti yake ni Jumamosi, umesema, na kanga yake bado iko kiti cha nyuma cha gari. Usimpe mtoto apeleke. Ipeleke mwenyewe kabla hajateremka Mkoani, umwambie ulichomwambia wifi, na umtake radhi ya ile siku ya pazia.